"Kuna" kwa Kiingereza ni there is au there are?

Kijana wa Mikindani: Wakuu habarini, mimi natembeza wageni huku Mikindani, nikitaka kusema kuna boma la zamani nasema "here have old boma", jana mgeni akaniangalia tu hajaelewa, sasa nisemeje? Na is na are nazichanganya sana

Ticha Lindi: Pole mdogo wangu, hilo kosa la wengi maana "kuna" yetu haibadiliki, boti moja au kumi ni kuna hiyohiyo. Kiingereza kinahesabu. Kimoja sema there is an old boma, vingi there are ten boats. Visivyohesabika kama maji, mchele, gesi vinakaa na is hata viwe vingi kiasi gani, there is gas at Msimbati. Have inataka mwenye kitu atajwe kwanza, Mikindani has an old boma, hapo sawa

Mama Korosho: Na hakuna je? Wazungu wananiulizaga korosho zikiwa zimeisha

Ticha Lindi: There are no cashew nuts today dada. Wao wakiuliza wanageuza, are there any?

Kijana wa Mikindani: Asante sana ticha, kesho naanza nayo