Ukoo wa Kota za Reli: Nani Alificha Adapta?

*Jumamosi asubuhi*

Shafiq: Asalam aleikum wote. Bibi Jaja amenituma nipange stoo kabla mvua haijaanza. Nimekuta hii juu ya kabati, imefungwa kwa makavera matatu ya plastiki. Ni ya nani?

Shafiq: [picha]

Musa: WEWE

Musa: usiiguse

Musa: yaani iguse polepole

Amina: Banange! Si gemu yetu ya TV hiyo? Kumbe bado ipo?

Dada Hadija: Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo ni mali ya Mjomba Musa. Ndiyo iliyompa divisheni ya pili kwenye mtihani wa darasa la saba.

Musa: Dada, divisheni ya pili ya mwaka 1999 ilikuwa na heshima zake. Tororo nzima mlinipongeza.

Amina: Nani alikupongeza? Mimi nilikuwepo.

Swaleh: Shafiq, nipigie picha ya nyuma, nione tundu la adapta. Bunduki ipo?

Shafiq: Ipo Mjomba, ya rangi ya chungwa. Pedi moja nzima, ya pili panya wametafuna waya. Kaseti ni moja tu, ya njano. Imeandikwa ina michezo 9999999. Ni kweli?

Amina: 😂😂😂

Opio: Mtoto amesoma maandishi akaamini. Hata sisi tuliamini.

Swaleh: Michezo yenyewe ilikuwa kama kumi na mbili. Namba 1 unaanzia steji ya kwanza. Ukifika namba 40 unakuta ni uleule, ila sasa unaanzia steji ya nne. Namba 300 ni uleule tena, wamebadilisha rangi tu.

Musa: Rangi gani, na sisi tulikuwa na TV ya Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi? Mimi Mario nilimjua akiwa wa kijivu. Siku niliyomwona na kofia nyekundu kwa watu nikadhani ni ndugu yake.

Shafiq: Nimepiga hesabu. Ukicheza kila mchezo dakika moja, bila kulala, unamaliza baada ya miaka 19.

Musa: Na sisi tulikuwa na likizo ya wiki tatu, na Dada Hadija anataka kuangalia UTV.

Dada Hadija: Nilikuwa naangalia taarifa ya habari.

Amina: Dada. Ulikuwa unaangalia tamthilia, na ukilia.

Dada Hadija: Kabla hamjafika mbali, hela ya bomba la Mama ni elfu kumi kila mtu. Mpaka sasa ametoa Opio peke yake, na si hata mtoto wa tumbo.

Opio: Nimekula posho ya nyumba hiyo mpaka nimemaliza deni la tumbo.

Shafiq: Kwani hii ni Nintendo? Sioni jina hilo popote. Juu wameandika 16-BIT.

Swaleh: Uongo mtupu huo. Ndani ni 8-BIT, ya kizamani zaidi. Ngoja nifunge duka la simu dakika kumi nikueleze, leo Jinja mvua inanyesha na wateja hakuna.

Swaleh: Nintendo walitoa mashine yao Japani mwezi wa Julai 1983, wakaiita Famicom. Ya Marekani ilifuata 1985, wakaibadilisha umbo na kaseti pia: ya Kijapani ina meno 60, ya Kimarekani ina meno 72. Sasa mafundi wa kunakili huko Asia wakaichukua ile ya Kijapani, wakaikunja mpaka ikaingia kwenye chipu moja, wakaivisha maganda ya kila namna. Nyingine ilifanana na Sega, nyingine na PlayStation, ukifungua ndani ni Famicom ileile. Hizo ndizo zilizofika kwetu. Hebu hesabu meno ya kaseti hiyo.

Shafiq: 30 upande huu, 30 upande wa pili.

Swaleh: Basi. Wajapani wenyewe waliacha kuitengeneza 2003. Mwaka huo Tororo bado nilikuwa naziona dukani, mpya, kwenye boksi.

Amina: Na Baba aliinunua Kikuubo. Nakumbuka alikuja nayo kutoka Kampala kwenye gunia la mchele.

Musa: Hapana. Ilitoka Malaba, kwa baiskeli. Yule mwanamume wa boda aliyekuwa akileta sabuni.

Amina: Kikuubo.

Musa: Malaba! Boda zenyewe zilianzia huku mpakani, zikibeba watu kutoka boda hadi boda. Zishindwe kubeba gemu?

Dada Hadija: Nyote mnakosea, lakini sina nguvu.

Opio: Shafiq, kama haisomi kaseti, ichomoe, ipulize kwa ndani, pumzi moja ndefu kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nilikuwa naitwa kutoka kota namba 9 kuja kupuliza tu. Musa alipuliza mara kumi, hakuna kitu. Nikija mimi, mara moja, picha hiyo.

Swaleh: Opio ndugu yangu, nisamehe. Ile pumzi haikuwa inafanya kitu. Kilichosaidia ni kuchomoa na kurudisha, meno yanakaa sawa. Mate yako ndiyo yaliyoleta kutu.

Opio: Swaleh umesomea wapi maneno hayo

Swaleh: Ni kazi yangu.

Opio: Miaka yote hiyo mlikuwa mnanipa mandazi kwa nini basi?

Amina: 😂😂 Kwa sababu ulikuwa hauondoki.

Musa: Mwacheni Opio, ndiye aliyetuletea ile siri ya kupata roho 30 kwenye mchezo wa Contra. Alipewa na mtoto wa dereva wa lori aliyelala Tororo usiku mmoja tu.

Opio: Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A.

Amina: Naota nayo mpaka leo. Jedwali la saba sikulijua, hiyo niliijua.

Swaleh: Aliyeitunga ni Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa michezo wa kampuni ya Konami. Alikuwa anatengeneza mchezo mwingine, Gradius, ukawa mgumu hadi yeye mwenyewe anashindwa kuumaliza, na kazi yake ni kuujaribu. Akajiwekea njia ya wizi. Amefariki 2020.

Opio: Mungu amlaze pema. Alitusaidia sana yule mtu.

Musa: Na bunduki? Amina alikuwa anaua bata wote wa kwenye mchezo. Mimi nikilenga naambulia yule mbwa anicheke.

Amina: Wewe ulikuwa unalenga balbu ya sebuleni! Uliambiwa na nani sijui kwamba ukielekeza kwenye taa kila risasi inapata.

Musa: Kila mtu alisema hivyo.

Swaleh: Ndiyo maana ulikuwa unakosa. Bunduki haitoi kitu, inapokea mwanga tu. Ukivuta, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Bunduki inatakiwa ione giza kwanza, ndipo ione mwanga. Balbu haina giza. Mchezo unakujua kwamba wewe ni mwizi.

Musa: Miaka yote hii nilidhani nina macho mabaya. Nilikwenda kupimwa macho, wallahi.

Shafiq: Naweza kuijaribu kwenye TV ya Jaja ya ukutani?

Swaleh: Gemu labda itaonekana. Bunduki hapana. Hizi bapa zinachelewa kidogo kuonyesha picha, na bunduki haimsubiri mtu. Inataka TV ya mgongo.

*Saa nane mchana*

Musa: Nimetoka kwenye malori sasa hivi. Nimekaa nikiwaza. Mnajua baadaye nilifungua kibanda cha gemu za PlayStation 2, PS2, hapa Malaba, 2006. Madereva wanasubiri karatasi za forodha, wamechoka kulala chini ya malori, wanakuja kucheza mpira wa Winning Eleven. Mtu na kilemba chake anagombea Merseyside Red, maana jina la Liverpool halikuwemo. Lakini mwaka huo Ziwa Viktoria lilishuka, mabwawa ya Jinja yakakosa maji, umeme ukawa siku moja upo, siku ya pili haupo. Jenereta ikala faida yote. Sikuwahi kuipenda PS2 kama nilivyoipenda hiyo ya kwenye kavera.

Amina: Hiyo ulicheza bure.

Musa: Bure? Mimi niliilipia kwa mgongo! Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Shafiq, adapta yake ipo?

Shafiq: Haipo Mjomba. Nimetafuta stoo yote.

Musa: Haiwezi kuwepo. Ilipotea Novemba 1999, wiki mbili kabla ya mtihani wetu wa P7. Ilipotea kama jini. Na wiki hiyohiyo redio ya Baba ikaungua, nikaambiwa ni mimi. Ile redio iliyotuletea habari za kufa kwa Nyerere mwezi mmoja nyuma, majirani wamejaa barazani. Nilichapwa. Nikafungiwa kibanda cha video mpaka Idd. Na mimi redio ile sikuigusa! Miaka 26 nimebeba kesi isiyo yangu.

Dada Hadija: Imeanza.

Swaleh: Ngoja kidogo. Redio ile niliifungua mimi 2000, nilipoanza kujifunza ufundi. Kapasita ilikuwa imevimba na kupasuka. Hiyo si ajali ya kuchezea vitufe. Hiyo ni umeme ulioingia kinyumenyume.

Musa: Unaona?

Swaleh: Na nikitazama picha ya Shafiq hapa, pale kwenye tundu pamechorwa kwamba hasi iko katikati, kama ya Wajapani. Redio ya Baba ilitaka chanya katikati. Volti zote mbili 9. Plagi ileile.

Amina: Swaleh usiniambie

Mama: [ujumbe wa sauti, 1:48]

Dada Hadija: Niko kazini siwezi kufungua sauti. Shafiq andika.

Shafiq: Jaja anasema:

Shafiq: "Musa mwanangu, ile adapta niliificha mimi. Mtihani ulikuwa unakuja na wewe usiku unaota bata, unapiga kelele usingizini. Nikaiweka ndani ya sufuria kubwa ya pilau, nikijua hakuna atakayeigusa mpaka mwezi uandame. Sasa baba yenu, Allah amrehemu, betri za redio zikamfia. Alikwishazianika juu ya bati mara tatu. Akapekua jikoni akaiona. Nikamwambia hiyo ni ya gemu. Akasema umeme ni umeme. Akachomeka. Ikalia pwa! Moshi. Tukatazamana. Akaniambia, Mama Hadija, jambo hili lisitoke nje ya jiko hili."

Amina: 😂😂😂😂 Uwiii

Opio: Mzee! Mzee wa reli!

Musa: Mama.

Musa: Mama na mimi nikachapwa?

Mama: [ujumbe wa sauti, 0:31]

Shafiq: "Mlipotoka shule alitaka kuuliza tu kama kuna mtu anajua fundi. Alisema neno moja, redio, na wewe ukakimbia mpaka kwenye reli. Mtu anayekimbia kabla ya kuulizwa tumfanye nini? Ulikimbia nini?"

Amina: Musa, sema au niseme mimi.

Musa: Amina tulikubaliana.

Amina: Tulikubaliana kwa mandazi, na mandazi yalikwisha 1999.

Dada Hadija: Nimetoka nje ya ofisi. Semeni.

Amina: Adapta ilipopotea hakuweza kukaa bila gemu. Alikuwa na ile ndogo ya mkononi ya kupanga matofali. Betri zake zikaisha. Akawa kila usiku anachomoa betri mbili kubwa za redio, anazifunga kwa raba na waya wa shaba, anacheza chini ya blanketi mpaka alfajiri. Asubuhi anazirudisha. Ndiyo maana za Baba zilikuwa zinakufa.

Swaleh: 😳

Opio: Mahakama imeahirishwa.

Dada Hadija: Kwa hiyo Musa alimaliza betri, Baba akatafuta adapta, Mama alikuwa ameificha, Baba akaunguza redio.

Musa: Sikuigusa redio. Niligusa betri.

Mama: [ujumbe wa sauti, 0:09]

Shafiq: Jaja anacheka tu. Hakuna maneno.

*Jioni*

Swaleh: Adapta ninayo hapa dukani ya volti 9, nitaigeuza nyaya. Idd naja nayo. Pedi ya panya nayo nitaiunga.

Musa: Mimi na Opio, Contra. Bila roho 30.

Opio: Na 30. Tumekuwa wazee.

Amina: Bata ni wangu. Sasa TV ya mgongo tunapata wapi?

Opio: Great Wall ninayo. Ipo bandani na inawaka. Ila kuna kuku anaatamia juu yake, mayai kumi na moja.

Musa: Mhamishe!

Opio: Ukimhamisha anayasusa. Zimebaki siku tisa, msiwe na haraka.

Dada Hadija: Hela ya bomba, bado watu watatu. Musa wewe toa elfu kumi na tano, za betri.

Shafiq: Jaja anauliza siku hiyo nani analeta mchele, na ile sufuria kubwa iko kwa nani.