Akili mnemba kwenye ushirika wa zabibu: tuitumie wapi, tusiiguse wapi?

Katibu_Hombolo
Habari za kazi wakuu. Ushirika wetu una wakulima 140 wa zabibu, na bwana shamba ni mmoja kwa kata nzima. Vijana wa ofisini wameanza kujibu maswali ya dawa kwa kutumia akili mnemba kwenye simu. Sasa wanapendekeza tuipakie daftari la wanachama ili ipange nani apewe pembejeo kwa mkopo. Msaada tunauhitaji kweli, ila sitaki mtu aunguze shamba wala siri za watu zisambae. Naomba maelekezo ya vitendo.

BwanaShambaDom
Mkuu, nianze na dawa maana hapo ndipo penye hatari kubwa.

Lebo nyingi huandika kiasi kwa hekta, mkulima wetu anahesabu kwa ekari. Hekta moja ni ekari 2.47. Tuseme lebo inasema kilo 2 kwa hekta: kwa ekari ni takriban gramu 800. Ukipiga lita 200 za maji kwa ekari, bomba la lita 16 linajazwa mara 12 na nusu, yaani gramu 64 kila bomba. Programu ikichukua hekta kuwa ekari, mkulima anatia gramu 160. Na jibu hilo litakuja kwa Kiswahili kizuri, bila dalili yoyote ya kusitasita.

Kwa hiyo msiiulize "dawa hii naweka kiasi gani?" Nakilini maneno ya lebo yenyewe, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kisha iambieni ikokotoe kwa ekari na kwa bomba huku ikionyesha kila hatua. Mtu arudie hesabu kwa kikokotoo kabla ujumbe haujatumwa. Jina la dawa litafutwe kwenye orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa sababu programu hizi hutaja hata dawa za nchi nyingine.

Picha za magonjwa nazo. Ubwiri unga ni vumbi jeupe juu ya jani na kwenye punje. Ubwiri vinyoya huanza na madoa ya njano kama ya mafuta upande wa juu, halafu utando mweupe upande wa chini. Dawa ya salfa huzuia ule wa kwanza, wa pili haiuwezi. Mkulima akituma picha ya juu peke yake, programu inabahatisha. Takeni tatu: juu ya jani, chini ya jani, mzabibu mzima. Ikibaki shaka, pelekeni tawi TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa zabibu.

Kwenye kila swali andikeni pia wilaya, tarehe ya kupogoa na kama kuna umwagiliaji. Bila hayo mtaletewa kalenda ya vuli na masika, wakati Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua.

Afisa_Takwimu
Daftari lisipakiwe kama lilivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na nyinyi, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Programu nyingi za aina hii huhifadhi data nje.

Kufuta majina hakutoshi. Namba ya simu ukiiingiza kwenye kutuma pesa inaleta jina la mwenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ondoeni vyote, mpeni kila mkulima alama kama M001, na daftari linalounganisha alama na jina libaki kabatini, kwenye karatasi.

Kupanga nani apewe mkopo sikubaliani nako kabisa, Katibu. Shamba likiandikwa kwa jina la mume, mke anayelilima na kuuza ataonekana hajawahi kuvuna. Mashine haitajua, itamweka mwisho. Iacheni ijumlishe kilo na kutafuta mistari iliyojirudia. Uamuzi ni wa kamati ya mikopo, na sababu ziandikwe kwenye muhtasari ili aliyenyimwa aweze kukata rufaa.

Katibu_Hombolo
Nimewaelewa wakuu, asanteni sana. Daftari halipakiwi. Kwa ujumbe wa dawa, kuna kingine cha kukagua kabla ya kuutuma?

BwanaShambaDom
Saa. Maelezo mengi ambayo programu imejifunzia ni ya Kiingereza, na saa zake hazifanani na zetu. Inaweza kuandika "nyunyizia saa 6" ikimaanisha alfajiri. Mkulima wa Hombolo atatoka na bomba saa sita mchana, na salfa kwenye jua lile inaunguza majani. Andikeni "saa 12 asubuhi, kabla jua halijawa kali".