Mtanzania mwenye kibali cha kazi Mombasa: je, SHA inanihusu mimi na mama yangu?

Mgeni wa Kisauni aliuliza:

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na tangu mwezi uliopita nimeajiriwa hapa Mombasa kwa kibali cha miaka miwili. Katika mshahara wangu wa kwanza wa shilingi 80,000 nimekuta makato ya shilingi 2,200 ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya Kenya. Karani wa mishahara alinieleza kwamba sheria inatazama ukaazi wala haitazami uraia, nami nikaona haya kumsumbua zaidi. Nyumbani nilikuwa mtumishi wa umma, na mchango wa NHIF yetu, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, ulikuwa asilimia 6, nusu yangu na nusu ya mwajiri, na kwa bima hiyo hiyo nilimwandikisha mama yangu mzazi. Naomba kujua mambo mawili: mwajiri wa hapa anachangia kiasi gani, na je, naweza kumwingiza mama, ambaye atakuja kukaa nasi miezi mitatu kumsaidia mke wangu, Mkenya wa Likoni, atakapojifungua?

Karani Mstaafu alijibu:

Karibu Mombasa, kaka. Swali la kwanza ni jepesi: mwajiri hachangii chochote. Asilimia 2.75 ya mshahara wako wote, kabla ya makato mengine, inatoka mfukoni mwako; kazi ya mwajiri ni kuikata na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu ushuru wa nyumba, ambao ni asilimia 1.5, mwajiri huulipa sawa na mfanyakazi. Tena hakuna kikomo cha juu. Chini ya NHIF ya zamani ya Kenya, mtu wa mshahara wako alilipa 1,500 na mwenye 200,000 alilipa 1,700. Leo huyo wa pili analipa 5,500. Afueni iliyopo ni kwamba tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango huo huondolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa.

Kuhusu ugeni, karani wako alisema kweli. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa kwa makato haya Oktoba 2024, inamtaka kila Mkenya ajisajili, na vilevile mtu asiye Mkenya anayekusudia kukaa nchini zaidi ya miezi 12. Anayekuja kwa muda usiofika hapo anatakiwa awe na bima ya afya ya msafiri. Kwa hiyo wewe umo, na mama hayumo. Hata angehamia moja kwa moja asingeingia chini yako, kwa kuwa bima ya hapa hufuata kaya, yaani mchangiaji, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, na wazazi huhesabiwa kuwa kaya yao wenyewe. Mzazi asiye na mshahara hujisajili peke yake, huulizwa maswali ya hali ya maisha, tangu paa la nyumba hadi nishati ya kupikia, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, anaoulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo Watanzania wengi hukwama, maana mmezoea bima inayombeba mzazi.

Mama Pacha alijibu:

Shemeji, nakuongezea jambo moja kwa kuwa umetaja uzazi. Bima hulipia shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kinachozidi hapo, hasa katika hospitali za binafsi, ni juu yenu, hivyo ulizeni bei mapema. Mimi nilifika mapokezi saa nane usiku nikiwa na uchungu, nikatoa kitambulisho, na dada wa mapokezi akageuza kompyuta nijionee mwenyewe maandishi mekundu kwamba michango haijalipwa, ilhali mume wangu alikuwa amekatwa miezi minne mfululizo. Mwajiri wake alikata asiwasilishe. Tulilipa taslimu, na kurejeshewa kulichukua muda mrefu wa barua na kupanda ngazi za ofisi. Usingoje siku hiyo: ikipita tarehe 9, bonyeza *147# utazame mwenyewe kama malipo yameingia, na hakikisha mkeo ameandikwa kuwa mwenzi wako, kwa sababu kukatwa mshahara peke yake hakumwandikishi mtu yeyote.

Mgeni wa Kisauni alijibu:

Nawashukuru sana. Nimebonyeza sasa hivi: malipo yangu yameingia, lakini sehemu ya wategemezi ni tupu. Je, nitajaza kwa kutumia pasipoti yangu?

Karani Mstaafu alijibu:

Tumia kitambulisho cha mgeni unachopewa na Idara ya Uhamiaji, pamoja na kitambulisho cha taifa cha mkeo. Mtoto ataongezwa baadaye kwa cheti chake cha kuzaliwa. Bima ya mama ikatwe Tanga kabla hajapanda basi, na uisome vizuri kwanza, kwani bima nyingi za msafiri hulipia dharura tu na hukataa maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya safari. Ikiwa anatumia dawa za presha, aje nazo za miezi yote mitatu.