Ushauri (Julai 2020, wakati wa korona): Kanisa la mabati, watu mia, saa moja. Tujipange vipi kabla ya kufungua?

KatibuWaKamati
Hamjambo wanajukwaa. Tangu Rais Uhuru Kenyatta atangaze tarehe 6 Julai 2020 kwamba nyumba za ibada zilizofungwa kwa sababu ya korona zifunguliwe kwa awamu, waumini hawaachi kuuliza tunarudi lini. Tuko mashinani, kaunti ya Kakamega. Jengo ni la mabati, urefu mita 15 na upana mita 8, na madhabahu imechukua mita 4 za mbele. Madirisha sita madogo, matatu kila upande, na milango miwili. Maji tunateka kisimani, umeme upo. Masharti tumeyasoma: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wabaki nyumbani pamoja na wenye maradhi ya muda mrefu, na shule ya Jumapili bado imefungwa. Kamati ina shilingi 12,000. Wazee wengine wanataka tutengeneze kile kibanda cha kunyunyizia watu dawa langoni, wengine wanataka kipimajoto cha bunduki. Pesa ziende wapi kwanza? Na hao mia tuwaketishe vipi?

AfyaYaUmma_Vihiga
Katibu, kabla pesa haijatoka chukua futi ya fundi mwingie ndani mpime. Ile mita moja na nusu ya kuachana mtu na mtu ni nafasi iliyo wazi kati ya bega na bega, si kati ya kiti na kiti. Mtu mzima akiketi anachukua kama nusu mita, kwa hivyo kutoka katikati ya kiti hiki hadi katikati ya kile ni mita mbili. Upana wenu wa mita 8 unatoshea viti vinne. Urefu uliobaki baada ya madhabahu ni mita 11, unatoshea safu sita. Nne mara sita ni 24. Hao ndio watu jengo lenu linaweza kubeba wakiketi mmoja mmoja. Mia ni kikomo ambacho hata kanisa kubwa la mjini haliruhusiwi kupita. Hakuna aliyesema kila jengo liingize mia.

Kibanda cha dawa achaneni nacho kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishaeleza mwezi wa Mei kwamba watu wasinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote. Klorini inachoma macho na ngozi, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua pale pale langoni. Tena aliyeambukizwa hutoa virusi kwa pumzi na mate, na dawa iliyoloanisha koti haifiki kooni. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mtu akishanyunyiziwa anajiona amesafishwa, anavuta barakoa kidevuni na kusogea karibu na mwenzake.

KatibuWaKamati
24? Waumini wetu ni zaidi ya 150. Hata tukitoa wazee na watoto tunabaki na kama 90.

FundiLurambi
Basi tokeni nje. Ndani wekeni viti vya akiba tu, mvua ikija. Huku kwetu mvua ya msimu huu hupenda kunyesha alasiri, kwa hivyo ibada ya saa mbili asubuhi na nyingine ya saa tatu u nusu zote zinaisha kabla mawingu hayajajikusanya. Gaweni waumini kwa vijiji au kwa nyumba kumi, orodha ibandikwe Ijumaa, ili kila mtu ajue zamu yake na asije akarudishwa langoni.

Familia inayolala nyumba moja na kula sufuria moja hakuna haja ya kuitenganisha. Iketi benchi moja, na ile nafasi ya mita moja na nusu iwe kati ya benchi na benchi. Hapo hata ile 24 inapanda, lakini muwe wakweli: binamu aliyekuja kutoka mjini jana si wa nyumba moja.

Kuhusu hema: hema lililoshushwa pande zote ni chumba. Mkikodi, ambieni mwenyewe alete paa na nguzo peke yake, aache zile kuta. Kivuli cha mwembe ni bora kuliko hema lililofungwa.

Na ndani msidanganywe na madirisha kwamba yapo. Washa dawa ya mbu ile ya kuzunguka, uiweke katikati ya jengo, milango na madirisha yote yakiwa wazi, kisha utazame moshi. Ukiambaa na kutoka upande wa pili, hewa inapita. Ukipanda na kuning'inia chini ya mabati, hewa imekwama, na pumzi za watu nazo zitakwama hivyo hivyo. Dawa ni kuondoa karatasi tatu au nne za mabati za juu ukutani, chini kidogo ya paa, pande mbili zinazotazamana, kisha pigilia wavu wa kuku pasiingie ndege. Paa likitokeza vya kutosha mvua haitaingia. Kazi ya nusu siku hiyo, na misumari ya paa ile ile inarudi. Feni kama ipo, iwekeni dirishani ikipuliza nje. Ikipuliza kutoka safu ya mbele kwenda nyuma inabeba pumzi ya mmoja kuwapelekea wote.

MamaKwaya
Naomba tusisahau kuimba. Ibada bila wimbo itakuwa ibada gani? Kwaya yetu ya watu ishirini ikivaa barakoa, kuna shida?

AfyaYaUmma_Vihiga
Mama, shida iko, na hapa ndipo ningesisitiza kuliko kote. Skagit, jimbo la Washington kule Marekani, kwaya ilifanya mazoezi tarehe 10 Machi mwaka huu kwa saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61, mmoja akiwa tayari na dalili. Waliougua, kwa kuhesabu waliothibitishwa na wanaoshukiwa, ni 53, na wawili wakafa. Anayeimba huvuta hewa hadi chini kabisa ya mapafu na kuitoa kwa nguvu, na matone madogo hubaki hewani muda mrefu, hasa kwenye chumba kisichopitisha hewa.

Kwa hivyo msiimbe ndani. Nje, chagueni waimbaji wanne, watazame upande mmoja bila kuelekezana nyuso, wakae mbali na safu ya kwanza, barakoa puani. Waumini waliobaki wapige makofi au wafuatishe kwa sauti ya chini. Mazoezi ya Jumamosi ndiyo ya kuogopa zaidi, maana hufanyika ndani, jioni, bila mtu wa kuangalia. Afadhali yakae kando kwa sasa.

Kipaza sauti nacho kina kazi: mhubiri asiyelazimika kupaaza sauti hurusha matone machache. Kimoja kishikwe na mtu mmoja tu. Kama ni lazima kipokezwe, kipanguswe kwa kitambaa kilicholowa spiriti ya asilimia 70, si Jik, maana Jik hutia kutu ule wavu wa chuma.

NesiWaZamu
Niongeze kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea mno. Soma lebo. Jik nyingi madukani zina klorini asilimia 3.5. Kwa viti, vitasa na reli mnahitaji asilimia 0.1, yaani kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo 34 vya maji. Kwa mtungi wa lita 20 hiyo ni kama mililita 570: chupa ya soda ya nusu lita ikijaa, kisha vijiko vitano vikubwa juu yake, halafu jaza maji baridi. Maji moto huvunja klorini. Uchafu nao huila, kwa hivyo osheni kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo mpake dawa, na ikae mbichi angalau dakika moja. Iliyochanganywa leo isitumike kesho. Itengenezwe upya kila siku na mtungi ukae kivulini.

Msichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi wala na spiriti. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma mapafu, na chooni hakuna hewa. Anayechanganya avae glavu na awe nje.

Sakafu ya udongo na nyasi za uwanjani msizipoteze muda. Virusi havimpandi mtu kutoka kwenye nyasi. Hiyo dawa ipelekeni kwenye kitasa cha choo.

FundiLurambi
Kunawa: ule mtambo wa mbao wa kukanyaga, kama wa yule mvulana wa Bungoma aliyepewa nishani ya Uzalendo mwezi uliopita, fundi yeyote wa kijiji anautengeneza. Kanyagio moja inainamisha maji na nyingine sabuni. Mahali unapoharibika ni kamba. Kamba ya katani ikilowa kila siku inaoza, tumieni ya nailoni. Weka jiwe zito kwenye msingi usije ukapinduka.

Maji: mtu akinawa vizuri kwa mfereji mwembamba anatumia kama nusu lita. Watu 45 (nusu ya wale 90) kuingia na kutoka ni lita 45, kwa hivyo mitungi mitatu ya lita 20 kwa kila ibada inatosha na kubaki. Wekeni vituo viwili, si kimoja, la sivyo foleni ya kunawa ndiyo itakayowasonganisha watu. Chini chimbeni shimo la goti mjaze kokoto, kusiwe na tope. Sabuni ya kipande huibwa au huanguka mchangani. Vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari. Wanasugua sekunde 20. Sanitaiza iwe ya akiba tu, na iwe na alkoholi angalau asilimia 60.

KatibuWaKamati
Asanteni sana. Mengine mawili. Kipimajoto mnasemaje? Na mchungaji wetu ana miaka 61.

NesiWaZamu
Kipimajoto kiwe cha mwisho kwenye orodha. Aliyeambukizwa anaweza kusambaza kabla hajapata homa, na wengine hawapati homa kabisa. Mkikinunua, anayepimwa kwanza akae kivulini dakika kumi. Aliyetembea juani au aliyevua helmeti ya bodaboda sasa hivi atasoma juu, aliyelowa jasho atasoma chini. Ikifika 37.5, pumzisha, pima tena. Ikibaki hapo, mtu wa kanisa atembee naye pembeni kwa heshima, asitangazwe kwenye kipaza sauti. Huku kwetu homa mara nyingi ni malaria, na malaria nayo inaua ikicheleweshwa, kwa hivyo aende zahanati akapimwe, asirudishwe nyumbani tu. Swali la mdomo lina faida kuliko bunduki: una kikohozi, homa, umepoteza harufu au ladha, umekaa na mgonjwa wiki hizi mbili?

Kuhusu mchungaji, ugonjwa haujui cheo. Ahubiri kwa simu kutoka kwake, simu ya mshemasi iunganishwe kwa waya kwenye spika. Jaribuni Jumamosi saa ile ile ya ibada, mtandao usije ukawaaibisha. Wazee wengine waliobaki nyumbani wapigiwe simu kila wiki na mtu mmoja aliyepewa majina matano tu, aulize na dawa za presha na sukari kama zipo. Wengi wameacha kwenda kliniki kwa hofu, na hilo linanitia wasiwasi kuliko sadaka iliyopungua.

Nyalenda_B
Sadaka: sanduku lenye mdomo mpana mlangoni, mtu atumbukize bila kugusa, wanaohesabu wanawe kabla na baada. M-Pesa pia ni rahisi, lakini namba iwe imekubaliwa na kamati na mweka hazina asome jumla mbele ya watu. Daftari la majina na simu liandikwe na mtu mmoja kwa kalamu moja. Lihifadhiwe mwezi mmoja chini ya kufuli, kisha lichomwe.

KatibuWaKamati
Na tukipata mgonjwa baada ya kufungua?

AfyaYaUmma_Vihiga
Mpigie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au namba 719 ya Wizara ya Afya siku hiyo hiyo. Toa daftari. Msianze kuwasaka watu wenyewe nyumba hadi nyumba, mtazua chuki. Aliyekaa na mgonjwa uso kwa uso ndani ya mita moja kwa dakika 15 au zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa wa karibu kwa mwongozo wa mwaka huu, naye hujitenga siku 14 tangu siku walipokutana. Hapo ndipo mtaona faida ya viti vya mita mbili: badala ya ibada nzima kujitenga, mtakuwa na benchi moja na waliosimama naye foleni ya maji. Jengo lifungueni madirisha, liache siku nzima, ndipo wasafishaji waingie.

Na hizo 12,000: kuondoa mabati ya juu ukutani na kuweka wavu kwanza, mitambo miwili ya kunawa, Jik na glavu, barakoa za akiba za kitambaa chenye tabaka tatu kwa atakayekuja bila. Kamba na vigingi vya kupimia uwanja mnavyo tayari. Pigeni vigingi Jumamosi jioni, alama za chokaa zitafutwa na umande.