Wachoraji wa zamani wa picha za mahaba, mbali na wale maarufu?

Habari wakuu, mi nasomea uchoraji na kila nikitafuta sanaa ya mahaba ya zamani naletewa Klimt na Schiele tu, hivi hakuna wengine ambao hawatajwi sana? Nataka sanaa jamani, sio zile mambo za ukubwani.

— Mzeewapenseli: Anza na Félicien Rops, Mbelgiji wa Namur, 1833 mpaka 1898. Kazi yake ya 1878, Pornokratès, ni mwanamke kafungwa kitambaa machoni, kavaa kofia, glavu na soksi ndefu nyeusi, basi, afu anaongozwa na nguruwe mwenye kamba 😂. Namur wamemjengea hadi makumbusho.

— Bi_Rangi: Rops kanizidi ukali mimi. Mcheki Franz von Bayros, huyo mistari yake ya wino myembamba balaa, lesi, mawigi, mapazia, yani jicho linapotelea kwenye gauni kabla hujaona wanachofanya wahusika. Alipata msala na serikali kule Munich kwa hizo kazi, ila 1921 huyohuyo akachora picha za kitabu cha Dante, yule mshairi wa zamani wa Italia.

— kijana_wa_sanaa: Mbona wanaume tupu? Gerda Wegener, Mdenishi, alihamia Paris 1912. Modo wake mkuu alikuwa mwenzi wake, ambaye baadaye alibadili jinsia akawa mwanamke, Lili Elbe. Wanawake wake wanajiamini, wanatazamana wenyewe kwa wenyewe, hawakupozii wewe.

— Muuliza swali: Wegener kanimaliza, asanteni.