Mjadala: Mzee akidhurika kwenye zamu yenye watu wawili tu, awajibike mhudumu au aliyepanga zamu?

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee hapa Australia, na nyinyi mlioko nyumbani mnaojiandaa kuja kuifanya, nauleta mjadala huu kwa sababu tulikaa kikao cha jumuiya yetu tukagawanyika. Kaka mmoja Mrundi, mkongwe wa kazi hii, alisema sheria mpya imempa mzee haki, sisi ikatupa lawama. Dada mmoja kutoka Mombasa akamjibu kwamba asiyemdhuru mzee hana cha kuogopa. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Kwa wasioifuatilia: Sheria ya Huduma kwa Wazee ya 2024 ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2025, na ile ya 1997 ikafikia mwisho. Chimbuko lake ni Tume ya Kifalme ya uchunguzi iliyoundwa 2018. Ripoti yake ya kati, ya 2019, ilipewa jina la neno moja tu: Kutelekezwa. Ile ya mwisho, ya 2021, ilitoa mapendekezo 148. Sheria ya zamani ilijengwa juu ya watoa huduma na ruzuku zao. Hii mpya inaanza na mzee mwenyewe: haki ya kuheshimiwa, ya kuwa salama, ya kuamua mambo yake hata pale uamuzi wake una hatari kwake.

Hapo sina ubishi. Nilipoanza kazi nilikuwa namwita kila bibi "mama", kwa heshima niliyolelewa nayo. Mmoja akaniambia taratibu, mkono wake ukiwa juu ya wangu, kwamba hakujaliwa mtoto, na kila nikimwita hivyo anaumia. Nikaanza kumwita kwa jina lake, kama alivyotaka. Heshima niliyokuwa nampa ilikuwa yangu, si yake.

Tuje kwenye wajibu. Kanuni za Maadili zilizoanza Desemba 2022 zimeendelea ndani ya sheria mpya, na zinamshika kila mfanyakazi binafsi: anayeogesha, anayepika, hata anayeletwa na wakala kwa siku moja. Ukiona unyanyasaji au uzembe, unatakiwa useme mara moja. Tume ya Ubora na Usalama, chombo kinachosimamia huduma za wazee, inaweza kukupiga marufuku usifanye kazi ya wazee popote nchini, na jina lako likawekwa kwenye orodha ya wazi ambayo kila mwajiri anaisoma. Kwa anayempiga mzee, au anayemwibia, naunga mkono kwa moyo wote. Na tusifichane: kwenye jamii zetu kuna kusitiriana kulikopita kiasi. Tunajua mwenzetu ana mkono mzito, tunanyamaza kwa kuwa tunatoka naye kijiji kimoja. Huyo mzee naye ni mzazi wa mtu.

Lakini dada yangu wa Mombasa, nisikilize kidogo.

Kituo nilichofanya kazi zamani, jioni moja ya Jumapili tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee 22. Muuguzi alikuwa mmoja kwa jengo zima. Mzee mmoja, aliyepooza upande, akabonyeza kengele: anataka choo. Kumtoa kitandani ni kwa mashine ya kunyanyulia, na utaratibu unasema mashine hiyo haiguswi na mtu mmoja. Mwenzangu alikuwa upande wa pili na bibi aliyeanguka bafuni, hawezi kumwacha. Nikasimama pale nimeshika kile kitambaa cha kumfungia, nimeshachomeka kamba mbili kati ya nne. Nikimnyanyua peke yangu akateleza, nimevunja utaratibu. Nikisubiri, nimemwacha mtu mzima ajikojolee. Nikasubiri. Alijikojolea, akageuzia uso ukutani, kisha akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Kwenye fomu ya tukio niliandika yaliyotokea, nikaongeza sentensi moja: zamu ilikuwa na wahudumu wawili. Kesho yake msimamizi akaniita, akasema fomu ni ya habari za mzee tu, mambo ya zamu niyaondoe. Nilikuwa na viza ya mwanafunzi, kibarua wa kuitwa kwa simu, na ada ya chuo inanisubiri. Nikaiondoa.

Ndiyo maana simkubali na kaka yangu Mrundi anayesema hatukupewa kitu. Sheria hii imepanua ulinzi wa anayefichua. Ukiwa na sababu ya msingi ya kuamini sheria imevunjwa, unaweza kuieleza Tume, wizara, polisi, hata msimamizi wako, kwa mdomo au kwa maandishi, na bila kutaja jina. Kukuadhibu kwa ajili hiyo ni kosa. Sentensi yangu niliyoifuta ingekuwa na mahali pa kwenda.

Ila kinga hii kwa kibarua ina tundu kubwa. Kibarua hafukuzwi. Simu yake inaacha kulia, basi. Utathibitishaje kwamba wiki tatu bila zamu ni kisasi, na si kwamba kazi imepungua? Na aliyeletwa na mwajiri kwa viza ya kazi, akiachishwa ana siku 180 kupata mwajiri mwingine. Anayepima maneno yake kwa kalenda hiyo usimwite mwoga.

Mtaniambia kuna dakika za huduma, yaani muda ambao vituo vinatakiwa kuwahudumia wazee. Ndiyo, wastani unaotakiwa kwa sekta ni dakika 215 kwa kila mzee kwa siku, 44 kati yake za muuguzi aliyesajiliwa. Hayo ni mafanikio makubwa, na lazima tuyalinde. Lakini hesabu hufanywa kwa wastani wa robo mwaka. Robo mwaka inaweza kutimia vizuri kabisa, na jioni ile ya Jumapili isionekane popote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mhudumu ajibu kwa mkono wake, kwa ulimi wake, na kwa kunyamaza kwake. Idadi ya watu kwenye zamu ajibu aliyeipanga, na waliomnyima bajeti ya kuipanga vizuri, maana sheria hiyohiyo imewawekea wajibu viongozi wa vituo nao. Na ningependa kila fomu ya tukio iwe na kisanduku cha lazima: zamu hii ilikuwa na wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi. Kisijazwe kwa hiari ya msimamizi. Vyama vyetu vya wafanyakazi vilipigania mishahara hadi ikapanda kwa asilimia 15 mwaka 2023. Kisanduku kimoja hakiwezi kuvishinda.

Anayepinga aje na hoja yake, nipo tayari kusahihishwa. Ila kwanza ningependa kuwasikia mliosema jambo kazini tangu Novemba 2025, hasa nyinyi vibarua: mlisema kwa nani, na wiki iliyofuata simu ililia?