Naombeni gesti za bei poa zinazopokea baiskeli, Dar mpaka Moshi kupitia Lushoto

Tegeta_Rider

Wakuu habari zenu. Tuko watatu, mimi, mdogo wangu na rafiki yetu mmoja wa kike, tunataka mwezi wa sita tutoke Dar na baiskeli mpaka Moshi, tukifika Mombo tupande Lushoto tupumzike kidogo halafu tushuke tuendelee na safari. Njia tumeshapanga, Kibaha na Mlandizi hatupiti kwasababu malori na mabasi yanavyobanana pale ni hatari, tunazunguka Bagamoyo tunachukua ile lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Makofia mpaka Msata kilometa 64 ndo tunaingia barabara kuu ya kwenda Segera.

Kinachotusumbua ni kulala. Tunataka chumba kisizidi elfu ishirini na baiskeli zisilale nje, ni za gia na tumedunduliza muda mrefu kuzinunua. Nilipiga simu lodge moja huko njiani mhudumu akanambia baiskeli chumbani haiingii inachafua tailizi, nikauliza basi stoo ipo, akasema bosi hayupo, simu ikakatika. Sasa nyie mnaosafiri mnafanyaje? Mnabuku kabla au mnatokea tu? Na Mkata, Korogwe, Mombo na Same kukoje? Tenti tunayo moja ila porini sitaki kulala.

Spoku36

Mkuu hongereni kwa safari, hiyo njia ni nzuri sana hasa ukishavuka Korogwe milima ya Usambara inakaa mkono wa kulia muda wote.

Habari ya baiskeli usiulizie kwenye simu. Yule dada wa mapokezi kwenye simu hana mamlaka na wala hakuoni, jibu lisilomletea matatizo ni hapana. Fikeni saa kumi, saa kumi na moja jioni vyumba bado vipo, mmoja aingie asalimie vizuri aombe kuona chumba, wengine wabaki getini na baiskeli. Akishaona mmetokea Dar mnapiga pedali mwenyewe anaita wenzake waje kuangalia, hapo ndo unamwambia tunaomba zilale ndani. Na uyaseme hayo KABLA hujalipa na kabla hujajaza kitabu cha wageni, maana ukishatoa hela huna sauti tena.

Kuhusu tailizi, wana haki. Baiskeli iliyopita vumbi na grisi ya cheni inaacha alama ukutani na chini na anayesugua ni yeye huyohuyo dada. Mimi nabeba kiroba kimoja cha salfeti nimekipasua pembeni, nafuta matairi na kitambaa mlangoni, natandika kiroba, baiskeli inasimama juu yake upande wa cheni ukiangalia nje. Nikimuonyesha hicho kiroba sijawahi kukataliwa.

Halafu acheni hizi lodge mpya za ghorofa zenye vioo, kule utapandisha baiskeli ngazi mpaka uchoke na ndo wanaoogopa kuchafuliwa. Tafuteni gesti za zamani zile zenye ua katikati vyumba vimezunguka, geti moja likifungwa saa tano usiku limefungwa. Choo na bafu viko uani mnashea, maji ya ndoo, lakini bei ni ndogo, kila kitu kiko chini na sehemu ya kufulia na kamba ya kuanikia ipo. Kwa mtu wa baiskeli hizo ndo hoteli.

Mkata malori yanalala pale kwahiyo gesti zipo nyingi ila za kando ya barabara mziki wa baa mpaka usiku wa manane, ingieni kidogo upande wa njia ya Handeni. Korogwe ni mji mkubwa, ondokeni eneo la stendi muingie mitaani. Same vyumba havikosekani. Majina ya gesti sitaji kwasababu zinabadilisha wamiliki, iliyokuwa nzuri juzi leo ni baa. Muulize fundi baiskeli wa mji husika, anajua ipi haina wizi.

Binti_Mpare

Namuongelea huyo dada mnayesafiri naye kwasababu wanaume huwa hamyaoni haya. Gesti nyingi za karibu na stendi watu wanaingia kwa muda mfupi mchana na usiku, milango inagongwa, mtu kalewa anakosea chumba. Kabla ya kulipa aingie mwenyewe, afunge mlango kwa ndani aone komeo linashika na siyo kitasa peke yake, aangalie dirisha linafunga, aangalie na chandarua kama kina matundu. Vyumba vyenu viwe vinafuatana. Na kama mhudumu ni mwanamke anayelala hapohapo mimi huwa najisikia salama zaidi.

Lushoto hamna haja ya gesti ya mjini, kuna nyumba za wageni za makanisa, za masista na za KKKT, na upande wa Irente kuna shamba la KKKT lina vyumba na sehemu ya kupiga tenti, jibini na mkate wanatengeneza wenyewe na baada ya kupanda ule mlima mtakula mpaka mshangae. Sehemu za kanisa ni tulivu, geti lina mlinzi, baiskeli wanazipokea vizuri, ila hapo ndo PIGENI SIMU mapema kwasababu ikitokea semina nyumba nzima imechukuliwa, na ulizeni geti linafungwa saa ngapi na chakula cha jioni mwisho saa ngapi. Moshi pia ipo Umoja Lutheran Hostel. Mwezi wa sita Lushoto usiku ni baridi haswa, msibebe nguo za Dar.

Kaka_Pancha

Mimi natofautiana kidogo na Spoku36. Chumbani siyo lazima. Chumba cha elfu kumi na tano kitanda kinajaa chote, baiskeli mbili mtapita wapi? Ongea na mlinzi, mpe elfu mbili tatu, zifungwe pamoja kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha lako, asubuhi unazikuta.

Spoku36

Kaka Pancha baiskeli utaikuta nakubali, ila pampu, taa, chupa ya maji na mita vitakuwa vimeondoka. Mlinzi analala na kuna watoto wanakuja kuchezea gia, asubuhi cheni inaruka unashangaa umefanya nini. Kama lazima ilale nje basi ng'oa kila kinachotoka kwa mkono na uingie na siti yako. Na hapo kwa kukosa nafasi, simamisha kwa tairi la nyuma uiegemeze ukutani kona moja, inachukua nafasi ya ndoo mbili.

Mswahili_Hamburg

Salamu kutoka Ujerumani. Huku chama cha waendesha baiskeli ADFC kilianzisha mwaka 1995 alama inaitwa Bett+Bike, gesti na hoteli zinabandika mlangoni, ziko maelfu. Ili upewe ile alama lazima ukubali mgeni wa usiku mmoja, uwe na sehemu ya kufunga baiskeli kwa kufuli, sehemu ya kukausha nguo zilizolowa, vifaa vidogo vya kutengenezea, na chai ya asubuhi ya kushibisha. Mimi kila nikisoma hayo masharti naikumbuka gesti ya uani ya Korogwe. Ua unafungwa, kamba ya nguo ipo, fundi yuko ng'ambo ya barabara, chapati na supu alfajiri zipo! Kinachokosekana ni wenye gesti kujua kwamba wateja wa hivi tupo. Kwahiyo jamani mkilala sehemu wakawapokea vizuri mwambieni mwenye gesti, muombe namba yake, na mrudi hapa muandike mji, mtaa na bei ili wanaofuata wafaidike.

Kuna pia Warmshowers, mtandao wa waendesha baiskeli wanaokaribishana majumbani bure tangu 1993. Dar na Moshi jaribuni, vijijini msitegemee. Na ukikaribishwa na wewe jiandikishe upokee wengine Tegeta, ndo ustaarabu wake.

Binti_Mpare

Nimesahau hili, ulizieni Mwenge wa Uhuru uko wapi wiki hiyo. Mji ambao Mwenge unakesha gesti zote zimejaa msafara na viongozi, hata chumba kibovu hupati. Na yeyote anayesoma hapa akiwaza kwenda mwezi wa kumi na mbili, aache. Wachaga wote wako barabarani wanarudi nyumbani Krismasi, ile barabara siyo ya baiskeli kabisa.

Tegeta_Rider

Aisee nashukuru sana nyote, kiroba naanza kukitafuta leo. Maswali mawili ya mwisho: Mombo kwenda Lushoto tupande na mizigo yote? Na Mombo mpaka Same ni zaidi ya kilometa mia, tukichoka katikati tunalala wapi?

Spoku36

Ile ya Lushoto ni kilometa 33 na unapanda karibu kilometa nzima kwenda juu, kona juu ya kona. Laleni Mombo, asubuhi yake acheni tenti na chochote msichohitaji kwa mwenye gesti, mwambieni mtarudi kulala kwake mkishuka, hapo mizigo anaitunza kwa moyo. Mpande saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawaka. Mkishindwa noah na vikosta vinapanda, baiskeli zinafungwa juu, elewana bei kabla haijapandishwa.

Mombo–Same mkizidiwa kuna Hedaru na Makanya, gesti ni ndogo za kawaida ila zipo. Zikijaa msijifiche porini, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji na vitambulisho vyenu, jielezeni, ombeni kupiga tenti shuleni au zahanati. Mwezi wa sita shule ziko likizo, wakati mwingine mnafunguliwa darasa kabisa na baiskeli mnaingia nazo. Hakuna bei, ila mlinzi mkumbukeni, na darasa mlifagie kabla ya kuondoka.